Mawe Matatu ya Harusi ya Sifa

Nateete, Jumatatu alasiri

Sifa mwanangu,

Umekwenda Kamwokya kusukwa nywele na kuwaaga rafiki zako, nawe umesema utarudi kabla jua halijazama. Basi nina saa tatu. Kesho asubuhi Moses atakuja na mizigo yake, mtapanda basi la Arua, na mimi nitasimama pale kituoni nikipunga mkono kama mzee mwema. Sitaki upande basi hilo huku unaamini kwamba aliyekupungia mkono ni mzee mwema.

Namna ya kuishi na mama mkwe, joto la Arua, maji ya kuchemsha, hayo yote akina mama walikufundisha Jumamosi mpaka nikaona unaficha miayo nyuma ya shela. Sina la kuongeza. Hii ni barua ya mtu mwenye hasira. Nina hasira tangu Alhamisi. Nimekula nayo, nimesali nayo, nimecheza nayo rumba mbele ya wageni, na leo nimeketi nayo mezani. Ingekuwa mtu ningekwisha kumwonyesha mlango.

Jambo lenyewe ni hili. Mawe yale matatu yaliyobeba chungu cha harusi yako hayakutoka kwa babu yako. Nilikudanganya. Nilikudanganya mbele ya watu wote, nikiwa nimevaa koti, na sauti yangu haikutetemeka. Na wewe ukaomba jiwe moja, ukalifunga katika kitenge, na kesho utalipakia kwenye basi.

Desturi unaijua, nimekuchosha nayo tangu utotoni, lakini naiandika ili wanao wasije wakaipata nusu. Kwetu, chungu cha kwanza cha harusi ya binti huinjikwa juu ya mafiga yaliyotoka katika uwanja wa baba yake. Baba mwenyewe huyang'oa, huyapanga, huwasha moto, na kutaja majina ya waliopikiwa juu yake. Sherehe ikiisha, bibi harusi hubeba jiwe moja. Likikaa jikoni kwake, hakuna wa kumwambia kwamba aliokotwa njiani. Na kwetu, chini ya mlima wa moto, jiwe ni jeusi. Hakuna rangi nyingine. Ni lava iliyoganda, ina vishimo kama mkate, ukilishika unashangaa wepesi wake, na ukilichoma mwaka mzima halipasuki, kwa sababu lilizaliwa motoni.

Miaka mitatu iliyopita Moses alileta posa. Alikuja na baba yake, Afande Juma, mstaafu wa jeshi, na mama yake aliyekuwa na rozari mkononi. Baba Mwislamu, mama Mkatoliki. Nikajisemea hawa watakubali lolote. Afande aliketi, akaweka kofia yake gotini.

"Mwalimu," akasema, "sisi nakuja kuomba mutoto. Sisi hapana maneno mingi. Wewe nasema siku, sisi nakuja."

Na mimi, badala ya kutaja siku, nikataja nchi. Nikasema binti yangu hatatolewa katika nyumba ya kupanga. Vita vikiisha na barabara ya kwetu ikifunguka tutakwenda wote, nitang'oa mawe ya baba yangu, nanyi mtaona harusi.

Afande aliitazama kofia yake. "Na kama barabara nakataa?"

"Tutangoja."

Nilisema "tutangoja" kwa sauti ya mtu anayejiheshimu. Lakini si mimi niliyengoja. Mliongoja ni wewe, Moses na mama yako.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama yako nyuma ya nyumba, anapuliza moto chini ya sufuria ya maharage ya kuwauzia watu wa stendi. Hakuinua kichwa.

"Baba Sifa, mimi nina mawe hapa. Matatu. Yanapikia wageni kila siku. Kwa nini yasimpikie mtoto wangu?"

"Hayo ni mawe ya njiani," nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Aliyaokota siku zile walipochimba barabara, mawe mekundu ya Kampala, akayabeba moja moja kichwani.

Akasema, "Na sisi tuliokotwa wapi?"

Nikaingia ndani kusoma kitabu. Ndivyo nilivyofanya, Sifa. Sikukasirika, sikubishana. Niliingia ndani nikasoma.

Nimeishi katika nyumba hii miaka ishirini na minane, na sikuwahi kupigilia msumari ukutani. Vitabu vyangu vimo katika sanduku la bati, na kamba bado imefungwa vilevile, kwa fundo la siku ile tuliyofika. Nikitaka kitabu nafungua, nikimaliza nafunga tena. Mama yako alitundika kalenda kwenye kitasa cha dirisha. Ulipozaliwa, mwenye nyumba alitupa kipande cha ardhi pale nyuma tupande migomba, nikakataa. Nikasema tutawaachia kazi ya bure watu wengine. Niliuita huo uaminifu. Nilikuwa abiria, hakuna zaidi, na niliwaketisha nyote juu ya mizigo. Wewe ulizaliwa hapa, ulisoma hapa, unaota kwa Kiganda, nami nilikulea kama mtu anayesubiri gari.

Halafu mama yako akafariki. Presha, wakasema hospitali, na mimi sina ugomvi na neno hilo. Siku ya msiba walileta picha yake kubwa katika fremu, wakauliza itundikwe wapi. Hapakuwa na msumari. Waliiegemeza ukutani, sakafuni, na mchana kutwa watu waliikwepa kwa miguu kuingia na kutoka. Nilikaa kwenye kiti nikitazama viatu vya watu vikipita karibu na uso wake. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nawe uliliona, najua, kwa sababu ulikwenda ukaketi mbele ya picha ukanyoosha miguu, watu wakaanza kupita mbali.

Mwaka ulipotimia ulikuja ukapiga magoti, ukasema kwa heshima yote, "Baba, harusi ni Agosti. Naomba uje." Hukusema wapi. Hukuniuliza. Kofi lingekuwa jepesi zaidi.

Ndipo rafiki yangu Ssalongo, yule wa Buloba ambaye mapacha wake niliwafundisha kusoma, akasema, "Mwarimu, shamba riko wazi. Mutapika, mutacheza, mukichoka mutarara." Nikakubali. Lakini sikuweza kukubali mzima mzima. Nilitaka angalau mawe. Nikampigia simu baba yako mkubwa Bahati: mimi siwezi kufika, wewe uko upande ule, niletee mawe matatu kutoka kwa baba. Simu ikawa kimya. Nikadhani ni mtandao. Kisha akasema, "Nitaleta."

Alhamisi alifika na gunia. Nilimpokea kituoni, nikambebea mwenyewe, na tangu pale begani nikahisi kitu. Gunia lilikuwa zito mno. Tulipofika nikalifungua. Mawe ya kijivu, laini, mviringo kama mayai ya bata. Mawe ya mto.

Wewe ulikuwa sebuleni unajaribu viatu. Nikamshika mkono kaka yangu nikamtoa nyuma ya nyumba.

"Kaka, haya umeyatoa wapi?"

"Jiwe ni jiwe, ndugu yangu. Moto haiulizake jiwe limetoka wapi."

"Nakuuliza mimi, si moto."

Akatazama ukuta. Ni mzee sasa, mashavu yameingia ndani. "Pale nilipovuka mpaka. Kuna mto."

"Na uwanja wa baba?"

"Uwanja ulisha kwenda."

"Umekwenda wapi? Una miguu?"

Akaniambia. Aliuuza miaka kumi na moja iliyopita. Aliyenunua amejenga ghala la saruji, ukuta hadi ukuta, hakuna hata mahali pa kusimamisha baiskeli. Nikamuuliza kaburi. Hapo ndipo naye alipokasirika, na sauti yake ikawa ile ya zamani ya kunituma maji.

"Baba nilimuhamisha. Nilimubeba miye mwenyewe, na jembe yangu, na mikono hii. Weye ulikuwa hapa na vitabu. Ulikimbia na sanduku ya vitabu, Sifa hajazaliwa, miye nikabaki na mama mugonjwa na risasi. Ulitaka nikufe na njaa nikikuchungia majani?"

Ninamkasirikia, na alilolisema ni kweli. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu kama watu waliogombana wanaolala chumba kimoja. Kuuza alikuwa na sababu. Kunyamaza hakuwa nayo. Mwaka baada ya mwaka nilimpigia simu ya sikukuu nikimuuliza, "Kwetu kukoje?" naye akajibu, "Kuko." Moses alipoleta posa, ghala lile lilikuwa limesimama miaka minane. Nilikungojesha wewe, nikamngojesha mama yako mpaka akafa, kwa ajili ya ghala la saruji.

Nilipaswa kukwambia Alhamisi ileile. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilisikia visigino vyako sakafuni, unatembea unarudi, unajizoeza. Nikafanya hesabu ya woga: mzee pekee wa ukoo ni yeye, nikimwaibisha nani ataketi kwenye kiti cha ukoo? Wageni wameshaalikwa. Watu wa kwetu wanatoka Nsambya na Katwe kuja kuona mawe, maana mimi ndiye niliyewatangazia. Na chini ya hesabu hiyo yote kulikuwa na jambo moja tu: sikutaka ujue kwamba mama yako alikuwa na haki.

Basi Jumamosi, kule Buloba, nikayapanga. Umande bado, Nnalongo, mke wa Ssalongo, na wenzake wanamenya matoke chini ya turubai, Mama Riziki anatwanga sombe, majani yetu ya muhogo, wale vijana wanagombana na waya za spika, na Afande Juma amekunja mikono ya shati anachinja kuku kwa ajili ya wote ili asiwepo wa kukataa mchuzi. Ilikuwa asubuhi nzuri. Ndiyo inayoniudhi zaidi. Kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa mikono ya watu waliotupenda: mabenchi ya kanisani, shela aliyoishona jirani, keki ya Mama Riziki iliyoinama upande mmoja. Kitu cha uongo kilikuwa kimoja tu, na kilitoka kwangu.

Nikawasha moto. Nikasema, "Haya ni mawe ya uwanja wa baba yangu. Juu yake alipikiwa mama yangu, akapikiwa shangazi yangu." Wewe ukapiga magoti na gauni lako jeupe juu ya majani makavu, ukaligusa moja kwa kiganja. Ukalia. Kaka yangu alikuwa kwenye kiti chake anaangalia migomba. Mama Riziki, ambaye amezaliwa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, aliyatazama yale mawe, akanitazama mimi, akarudi kwenye kinu chake. Alitwanga kwa nguvu sana.

Halafu likapasuka.

Wewe ulikuwa ndani unapambwa, hukuona, uliusikia mlio tu. Jiwe la mto hunywa maji miaka yote, na ukilitia motoni maji yale hutafuta njia. Mlio ulikuwa wa bunduki kabisa. Watu wote wa kwetu walilala chini. Wote, Sifa, na nguo zao za harusi. Bibi wa miaka sabini alikuwa chini ya benchi kabla jivu halijatua. Mimi nilikuwa nimekumbatia shina la mgomba. Na Afande Juma alikuwa amelala kifudifudi kama anavyofundishwa askari, sahani yake ameishika juu kwa mkono mmoja, hajamwaga hata tone la mchuzi. Waganda peke yao ndio waliobaki wamesimama, wanatushangaa.

Afande akainua kichwa taratibu. "Mwalimu! Hii bomu ni ya nani?"

Ssalongo akasema, "Si bomu, ni chakura!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakalia, na wengine nadhani walikuwa wanalia tu. Nami nikacheka. Nikasema moto ulikuwa mkali mno. Ssalongo akaleta matofali akaziba pengo, sufuria ikasimama, shughuli ikaendelea. Wewe ulitoka na shela nusu kichwani, ukachutama pale, ukaokota kipande. Ndani kilikuwa cheupe, kinameta kama chumvi. Ulikitazama muda mrefu. Kisha ukaniangalia, ukasema, "Baba, yamebaki mawili. Moja nitalibeba." Nikajibu, "Ni haki yako, mwanangu." Mungu anisamehe.

Siku mbili sasa nautafuta uso ule uliokuwa nao uliposema hivyo. Naona ulikuwa umeniamini, na hilo linanitoa jasho.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya basi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Una miaka mitatu yako humo, na una mama. Usiniletee maneno mazuri kwenye simu. Ninachotaka ni kwamba usiwahi kumwambia mtoto "tutangoja" kwa ajili ya mahali ambapo hujapaona kwa macho yako mwaka huo. Kule Arua hutakuwa kwenu, na hapa utakuwa umetoka. Kuna siku utakaa katika chumba cha Moses uone kila kitu ni cha watu wengine, na utashawishika kuacha sanduku limefungwa. Mimi nililiacha. Ilinipa raha fulani, sitakuficha. Mtu anayengoja halaumiwi kwa lolote. Nyumba ikivuja si yake, mkewe akichoka atapumzika kwetu. Niliishi katika raha hiyo na mama yako akalipa kwa mgongo wake, akiinama juu ya mawe ambayo mumewe aliyaita ya njiani.

Nimeamua jambo. Lile jiwe la mto nitalitoa katika begi lako, na mahali pake nitaweka moja la mama yako. Liko hapo nyuma, limepikia maharage zaidi ya miaka ishirini, limekuwa jeusi kuliko mawe yote ya kwetu. Hilo nitalitaja majina yake bila kudanganya. Naweka kalamu chini nikalilete.

*

Nimerudi. Mikono yangu ina masizi, utaona alama kwenye karatasi.

Sikuwa nimekwenda pale nyuma tangu Alhamisi, na kabla ya hapo sikwenda sana. Majivu yake hayajafagiliwa. Mafiga yamepangwa matatu kama alivyoyaacha, sufuria yake tupu ikiwa juu, na nikachutama kuchagua. La kwanza jeusi. La pili jeusi. La tatu ni la kijivu, laini, mviringo kama yai la bata.

Nilikaa chini kabisa, Sifa, na suruali hii safi.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua uliposhika kile kipande cheupe, pengine ulijua Alhamisi. Ukuta wa nyuma ni mwembamba na visigino vyako, sasa nakumbuka, vilinyamaza. Ulijua, ukaniangalia, ukaniomba jiwe langu la uongo mbele ya watu ili nisiaibike. Kisha ukaja nalo hapa ukalibadilisha na la mama yako, hukusema neno. Sikufungua begi lako. Sihitaji.

Nimekasirika tena. Naona nimekasirika zaidi kuliko asubuhi. Binti wa miaka ishirini na sita hapaswi kumstiri baba yake hivyo siku ya harusi yake. Hiyo ilikuwa kazi yangu, nawe uliifanya kwa ajili yangu, na uliifanya vizuri kuliko ninavyoandika.

Nililing'oa lile la kijivu nilirushe barabarani. Nikalishika mkononi, nikainuka. Kisha nikaona ile sufuria ya mama yako imelala upande, juu ya mawe mawili, mdomo umegusa majivu. Nikasimama pale muda, mzee mwenye jiwe mkononi. Mtoto wa jirani akanichungulia kutoka dirishani kwao akauliza, "Jajja, unampiga nani?" Sikuwa na wa kumpiga.

Nimelirudisha. Nimelisukuma kwa mguu mpaka likakaa, nikasimamisha sufuria, nikatia maji na maharage. Moto wake ni mdogo, ili lisije likatuangusha chini tena. Picha ya mama yako bado iko sakafuni, nakwambia usije ukadhani nimebadilika mchana mmoja.

Kaka yangu anaondoka kesho kutwa. Leo atakula hayo maharage, nami nitakula naye, na nadhani hatutazungumza. Nawe utarudi kutoka Kamwokya na nywele zako mpya. Barua hii nitakupa kesho basi likiwa limewasha injini. Usiisome mbele yangu.

Ukifika, wakikuuliza kule Arua jiwe hilo limetoka wapi, waambie Nateete, nyuma ya nyumba, kwa mama yangu.

Baba yako,
anayelinda sufuria.